Tusiwaite Wazee Wetu Vikojozi

Neno jepesi zaidi kinywani petu kwa mtu asiyeweza kuuzuia mkojo ni kikojozi. Hilo ni neno la kumsuta mtoto anayelowesha malazi. Linapomwangukia mzee wa Nyeri, Karatina au Nanyuki, aliyezoea kuketi safu ya mbele barazani na kanisani, humfanya anyamaze na kujifungia nyumbani.

Ilhali maradhi yenyewe hayana aibu. Saratani ya tezi dume ni miongoni mwa saratani zinazowapata wanaume wa Kenya kwa wingi zaidi. Tezi hiyo huuzunguka mrija wa mkojo chini ya kibofu. Inapoondolewa, misuli ya kuzuia mkojo huweza kudhoofika. Walio wengi hupata nafuu katika muda wa mwaka mmoja, hasa wakifunzwa mazoezi ya kukaza misuli ya nyonga. Wachache huendelea kuvuja.

Hao nao hawakuachwa bila tiba. Anayevuja kiasi huweza kutiwa ukanda mwembamba wa kuutegemeza mrija. Anayevuja sana huweza kupandikizwa kifaa kilichobuniwa Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1970: pete iliyojaa maji huubana mrija, nayo pampu ndogo huwekwa ndani ya mfuko wa korodani. Akitaka kwenda haja ndogo huiminya pampu. Maji hutoka katika pete na kuingia katika kiputo kilichowekwa tumboni, mkojo ukapita, na baada ya dakika chache pete hujaa tena yenyewe. Ni kweli kwamba kifaa hicho ni ghali, chaweza kuleta maambukizi, na hatimaye huchakaa. Lakini ni nani atakayekiulizia iwapo hajui kwamba kipo?

Ndiposa twasema: kabla mwanamume wa eneo la Mlima Kenya hajapasuliwa, iwe ni Nyeri, Meru au Nairobi, aelezwe kwa lugha aliyolelewa nayo kwamba huenda akavuja, na kwamba kuvuja huko kuna tiba. Naye akirudi kliniki, aulizwe waziwazi, asingojewe ajitaje.

Sisi wa taaluma ya lugha nasi tuna deni. Tutaje kuvuja kwa mkojo baada ya upasuaji, ambalo ni jina la ugonjwa, badala ya kumbandika mgonjwa tusi. Wahenga walinena kwamba mficha uchi hazai; lakini asiyepewa neno la heshima la kuutaja uchi wake, atafanyaje ila kuuficha?