Ganeti Ukutani
Kati ya ndege wa baharini, ni wachache wanaopendeza ukutani kama ganeti: mwili mweupe, kichwa cha manjano iliyofifia, ncha za mabawa nyeusi kana kwamba zimechovywa wino. Upana wa mabawa yake hukaribia mita 1.8, hivyo picha kubwa juu ya kochi inaweza kumwonyesha kwa ukubwa wake halisi. Wapigapicha humfuata Bass Rock, kisiwa cha mwamba karibu na North Berwick, Uskoti, ambako makumi ya maelfu ya jozi hutaga. Kinachosumbua ni weupe wake. Kamera ikiachwa ijipangie mwanga mbele ya bahari yenye giza, manyoya huungua na kubaki doa tupu. Mpigapicha stadi hupunguza mwanga kidogo ili kila unyoya uonekane. Picha inapochapwa, karatasi isiyong'aa ndiyo humtendea haki. Turubai, ingawa maduka huisifu, humeza mistari myembamba ya manyoya, kioo cha kawaida hurudisha taa za chumba, na jua la dirishani hupausha rangi. Mwaka wa picha nao una uzito. Jicho la ganeti mkubwa huwa la samawati iliyopauka, lakini baada ya mlipuko wa mafua ya ndege wa 2022, baadhi ya walionusurika walionekana wakiwa na macho meusi, na watafiti waliowapima wakakuta wengi wao wana kingamwili za ugonjwa huo. Picha ya uso iliyopigwa kwa karibu huionyesha tofauti hiyo waziwazi. Ya kundi zima, hata iwe kubwa vipi, haiionyeshi.