Asilimia mbili haimfikii anayelea

Mchimbaji mdogo wa Nyarugusu akifukiwa na kifusi duarani hadi uti wa mgongo ukavunjika, na mwajiriwa wa mgodi mkubwa wa Bulyanhulu akaumia vivyo hivyo, kazi inayoanza nyumbani kwao ni moja: kumgeuza kitandani asipate vidonda, kumwosha, kumlisha, kumpeleka hospitali. Kinachowatenganisha ni sheria. Mwajiriwa ana Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2008 na kuanza kazi mwaka 2015, ambao mwajiri wake huuchangia. Miongoni mwa mafao ya mfuko huo, mbali na matibabu na pensheni ya ulemavu wa kudumu, yamo malipo ya msaidizi wa mgonjwa. Mchimbaji mdogo hana mwajiri wa kumchangia, na mtoto wa Msalala aliyezaliwa na mtindio wa ubongo hajawahi kuajiriwa na mtu. Maana yake ni kwamba nchi yetu imekwisha kukubali kuwa kumhudumia asiyejiweza ni kazi yenye gharama, ila imekubali kwa wenye mkataba wa ajira tu. Naona halmashauri za ukanda wa dhahabu, Geita na Shinyanga, zina sababu na zina njia ya kuwa za kwanza kuwahesabu walezi waliobaki nje.

Fungu linalotajwa kila ulemavu unapozungumzwa ni asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri. Sheria ya fedha za serikali za mitaa, kwa marekebisho ya mwaka 2018, iliigawa hivi: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Ni fungu jema na limewainua wengi. Lakini ni mkopo. Hauna riba, ila una marejesho, na marejesho hutoka kwenye biashara. Mama asiyeweza kumwacha mwanawe hata kwa saa mbili hawezi kukaa gengeni wala kuhudhuria vikao vya kikundi, na mwanawe hatakuwa mwanakikundi. TASAF nayo hutazama kwanza umaskini wa kaya, na ruzuku yake haikukusudiwa kufidia siku nzima ya kazi ambayo mlezi anaikosa. Kwa hiyo kadiri ulemavu unavyokuwa mzito, ndivyo familia inavyokuwa mbali na fedha zilizotengwa kwa jina lake.

Pengo hilo limezibwa na vituo, na hapa Shinyanga hatuwezi kulizungumza bila kuitaja Buhangija. Shule hiyo ya msingi katika Manispaa ya Shinyanga ilikuwa ikipokea watoto wasioona na wasiosikia. Mauaji ya watu wenye ualbino yaliposhamiri Kanda ya Ziwa kuanzia miaka ya 2006 na 2007, ikageuka kimbilio, na wakaletwa hata watoto wadogo ambao umri wa shule haujafika. Mabweni yakazidiwa. Anayesema vituo vile vilikuwa kosa anasahau kwamba mwaka 2009, katika hukumu ya kwanza ya aina yake nchini, mahakama iliyoketi Kahama iliwatia hatiani watu watatu kwa kumuua mtoto wa Bukombe. Hatari ilikuwa ya kweli, na kituo kiliokoa maisha. Tatizo ni kilichofuata: baadhi ya wazazi hawakurudi. Hifadhi ya dharura ikawa makazi ya kudumu, na walimu na matroni wakabeba malezi ambayo bajeti ya shule haikuyapangia.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 haikukusudia hivyo. Iligawa wajibu wa matunzo kati ya ndugu, serikali za mitaa na asasi, na mwaka mmoja kabla yake Tanzania ilikuwa imeridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa unaotambua haki ya mtu mwenye ulemavu kuishi ndani ya jamii. Kwa hiyo familia inapompokeza mtoto kituoni, paandikwe makubaliano mbele ya Afisa Ustawi wa Jamii: nani atamtembelea na lini, likizo atakwenda kwa nani, nani ataarifiwa akiugua, mafuta ya kukinga jua au kiti mwendo vitatoka fungu gani, na ni mambo gani yakitimia atarudi nyumbani. Mzazi mwenye karatasi hiyo ana haki ya kuuliza mwanawe analala wapi na anakula nini. Kituo nacho kina haki ya kuuliza mzazi yuko wapi. Bila makubaliano hayo mzazi huona amepewa hisani, na mwenye kupewa hisani huona haya kuuliza. Lakini makubaliano ya kumrudisha mtoto nyumbani hayatatekelezeka ikiwa nyumba yenyewe haina chochote cha kumtunzia.

Wapo watakaosema fedha hazipo. Tupige hesabu. Mgodi wenye mauzo ya shilingi trilioni moja, kwa ushuru wa huduma wa asilimia 0.3 uliotumika kwa miaka mingi, uliilipa halmashauri bilioni 3, na asilimia mbili ya hizo ni milioni 60. Fungu hilo la mikopo libaki kama lilivyo; nalitaja kwa kipimo tu. Sheria ya madini, tangu marekebisho ya mwaka 2017, inaitaka kampuni ikubaliane na halmashauri kila mwaka kuhusu mpango wa uwajibikaji wake kwa jamii. Mipango hiyo imezoea majengo: madarasa, zahanati, vitu vinavyozinduliwa kwa kukatwa utepe. Humo humo kikitengwa kiasi kile kile cha milioni 60, kaya 83 zingepata shilingi 60,000 kila mwezi kwa mwaka mzima, pasipo kusubiri sheria mpya Dodoma.

Pingamizi zito zaidi ni la utu: kulea ni wajibu wa ukoo, na kuulipia ni kuuza udugu. Naliheshimu, kwa sababu Usukumani ukoo umelea wengi. Lakini machimboni watu wametoka Kigoma, Tabora na Mara, wakifuata rashi moja hadi nyingine. Shangazi wa kupokezana naye hayupo. Na hata ukoo unapokuwepo, anayebaki na mgonjwa kwa kawaida ni mwanamke mmoja, wengine wakitoa pole. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Udanganyifu je? Mikopo ya asilimia 10 ilisitishwa mwaka 2023, baada ya CAG kufichua mambo kama vikundi hewa, ikarejeshwa mwaka 2024. Hofu hiyo ina msingi. Lakini kikundi hewa huzaliwa kwenye makaratasi, ilhali mtu aliyelala ndani miaka minane anajulikana kwa majirani wote. Majina yasomwe kwenye mkutano wa kijiji, kama TASAF ilivyozoea kufanya kwa kaya maskini, na Afisa Ustawi wa Jamii akague nyumba kwa nyumba. Mipango ya mwaka mpya wa fedha hupita mezani kwa madiwani kabla ya Julai. Kazi ya kwanza, kuziorodhesha kaya hizo, haihitaji senti ya mgodi wowote: wenyeviti wa vitongoji wanajua tayari ni nyumba zipi.