Kikombe cha dada wa kazi na somo la ubaguzi

Jumapili iliyopita nilikuwa kwa dada yangu. Mpwa wangu yuko kidato cha nne, akaniomba nimsikilize somo la Historia. Mada: ubaguzi wa rangi Afrika Kusini. Jamaa kaiva! Sheria ya kuandikisha watu kwa rangi, 1950. Sheria ya elimu ya Wabantu, 1953. Sharpeville, 21 Machi 1960, watu 69 wakauawa. Soweto, 16 Juni 1976. Vyote vimo kichwani, tena kwa Kiingereza kilichonyooka.

Tulipomaliza akamwita dada wa kazi alete chai. Akatuletea kwenye vikombe vya udongo vya sebuleni, kisha akarudi jikoni kunywa ya kwake. Nilipomfuata kuomba sukari nikamkuta na kikombe cha plastiki cha bluu. Nikamuuliza mpwa wangu, akanijibu bila hata kufikiri: "Kile ni chake, anko. Sisi hatukitumii, na yeye hatumii vyetu."

Wajameni, nilikosa la kusema. Katika nyumba nyingi za Wazungu kule Afrika Kusini, mtumishi Mwafrika naye alikuwa na kikombe chake cha bati na sahani yake. Kikombe kile hakikuhitaji polisi. Kilihitaji mazoea tu.

Simlaumu kijana. Nalaumu tunavyomfundisha. Tumeligeuza somo hili kuwa orodha ya sheria na tarehe, ambamo waovu ni Makaburu wa zamani, wa mbali, na sisi sote tuko upande wa haki. Nani atajiona humo?

Chukua habari ya Sandra Laing. Wazazi wake wote wawili walihesabiwa Wazungu, lakini yeye alizaliwa na ngozi ya maji ya kunde na nywele za kipilipili. Mwaka 1966, akiwa na miaka 10, alifukuzwa shule ya Wazungu na kurudishwa nyumbani na polisi. Sheria iliandikwa bungeni, sawa. Lakini waliolalamika ni wazazi wa watoto aliosoma nao, na waliomfungulia mlango atoke ni walimu wake.

Mwaka huohuo wa 1966, wakili Bram Fischer alihukumiwa kifungo cha maisha. Huyu alikuwa Kaburu halisi, babu yake aliwahi kuwa waziri mkuu wa Koloni la Orange River. Angeweza kula maisha. Badala yake akaongoza utetezi wa Mandela na wenzake katika kesi ya Rivonia, akaendelea na mapambano mpaka akafungwa.

Sasa muulize mwanafunzi: wewe ungekuwa mwalimu wa Sandra, ungefanya nini? Ungekuwa mzazi wa jirani yake wa dawati?

Rafiki yangu mmoja ni mwalimu. Anasema mtihani hauulizi mambo hayo, na maadili ni kazi ya wazazi na viongozi wa dini. Nakubaliana naye nusu. Mahubiri darasani hayasaidii, watoto wameyazoea, yanaingia sikio hili yanatokea lile. Ila swali si mahubiri. Na mitaala mipya iliyoanza kutumika mwaka 2024 imeleta somo liitwalo Historia ya Tanzania na Maadili. Basi maadili yaanzie kwenye historia yenyewe, ikiwemo ya hapahapa, ambapo enzi za mkoloni Mzungu, Mhindi na Mwafrika walikuwa na shule tofauti. Kuna waliotajirika kwa mpango huo, wapo waliounyamazia, na wapo waliokataa. Mtoto awajue wote watatu, kisha ajitafute.

Nilimuuliza mpwa wangu lile swali la Sandra. Akanitazama, akauliza: "Anko, hilo huwa linatoka kwenye mtihani?"

Nikacheka. Lakini njiani kurudi kwangu, ndani ya daladala, kicheko kikaisha. Mimi niliyekiona kikombe, mwenye digrii na kalamu ya gazeti, nilikunywa chai yangu nikaaga. Sikumwambia dada yangu neno. Nilikuwa mgeni, sikutaka kuharibu Jumapili ya watu. Nadhani hata majirani wa akina Sandra walikuwa na sababu nzuri kama hiyo.

Leo jioni nitampigia simu.

Je, nyumbani kwenu kikombe kile ni cha rangi gani?