Msitu Hupimwa kwa Kuinama

Wahenga walinena kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Methali hii inausawiri vyema mjadala wa Msitu wa Mau katika nchi ya majani chai ya Kericho na Bomet. Kwa muda mrefu, mjadala huo umeendeshwa kwa lugha ya hekta. Mwaka 2001 zaidi ya hekta 61,000 zilimegwa kutoka msitu huo. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 69, nayo inailazimu serikali kujitahidi kufikia asilimia 10 ya ardhi iliyofunikwa na miti.

Tatizo ni kwamba hekta huhesabiwa kwa kutazama kutoka juu, na kutoka juu kijani hufanana na kijani. Anayesimama kwenye mpaka wa msitu huona mambo tofauti: majani chai yaliyokatwa sawasawa, mikaratusi inayokuzwa kuwa kuni za viwanda vya chai, kisha msitu wa asili wenye miti mirefu, miti ya kati, vichaka na mitambaazi. Mikaratusi ya umri mmoja huongeza asilimia katika hesabu ya miti. Je, nayo ni msitu?

Swali hilo lina chombo cha kulijibu. Kipimaleza cha ardhini huwekwa juu ya miguu mitatu, chini ya miti. Hurusha miali ya leza kila upande. Mwali ukigonga shina au jani, hurejea kabla ya sehemu ya milioni moja ya sekunde kutimia. Kutokana na muda huo, chombo hukokotoa umbali. Mamilioni ya vipimo hivyo huunda wingu la nukta, yaani picha ya msitu yenye urefu, upana na kina. Humo husomwa unene wa mashina, urefu wa miti, mpangilio wa matabaka na mapengo yaliyoachwa na shoka.

Mwaka 2015 watafiti walichapisha matokeo ya jaribio la jimbo la Victoria, Australia. Walipima mikaratusi 65 kwa leza, kisha wakaikata na kuipima uzito. Makadirio ya leza yalizidi uzito halisi kwa takriban asilimia 10, ilhali kanuni za kawaida zilipungukiwa kwa asilimia 30 hadi 37. Chombo hiki kina udhaifu wake: ni ghali, upepo huyumbisha matawi, nayo majani mengi huficha yaliyo nyuma yake. Hata hivyo, huona kile ambacho hesabu ya hekta haikioni.

Hapa ndipo wanafunzi wa Kiswahili wanapohusika. Sheria ya Misitu ya mwaka 2005, na ile ya mwaka 2016 iliyochukua nafasi yake, zimezipa jamii nafasi ya kushiriki katika usimamizi wa misitu kupitia vyama vyao. Mwanachama atashiriki vipi iwapo taarifa ya vipimo imeandikwa kwa Kiingereza cha wataalamu? Wapo wanaodai kwamba sayansi haina msamiati wa Kiswahili. Dai hilo halina mashiko. Lugha iliyotenga msitu, kichaka, pori na shamba, tena shina, tagaa na kitawi, imekwisha kufanya nusu ya kazi. Kinachobaki ni kuafikiana kuhusu istilahi kama paa la msitu, tabaka na wingu la nukta, kisha kuzitumia.

Mito Nyangores na Amala hutoka Mau na kuungana kuwa Mto Mara. Wanaoitegemea hawanywi asilimia. Hunywa maji ya msitu ulio hai. Wanastahili kujua, kwa lugha wanayoielewa, kama msitu huo ungalipo au kama kilichobaki ni rangi yake tu. Wanaisimu na wanasayansi wainame pamoja.