Nani Amelala Ndani ya Mchoro?

Wanafunzi wa ujenzi, Chuo Kikuu cha Nairobi na kile cha Jomo Kenyatta, hufunzwa kuchora majengo yapatayo upepo na mwanga bila kula umeme mwingi. Ni elimu njema. Lakini aghalabu mchoro husahihishwa, alama zikatolewa, karatasi ikakunjwa. Nauliza, wasomaji wapenzi: nani amewahi kulala ndani ya mchoro?

Tuitazame Masara, kule Migori penye machimbo ya dhahabu. Ni karibu na ikweta, jua la mchana hukaa utosini, kwa hivyo paa hupokea joto kuliko ukuta. Bati lisilo na dari hulishusha joto hilo moja kwa moja, likamwangukia mtoto anayesoma na mgonjwa aliyelala. Pangaboi hapo litapepea joto lile lile, na umeme wake ulipiwe.

Dawa si siri: dari chini ya bati, tundu la kutolea hewa kileleni, upenu mpana, madirisha yaelekee kaskazini na kusini. UN-Habitat ilitoa kitabu kizima juu ya ujenzi huu kwa Afrika Mashariki mwaka 2014. Nasi wa Pwani twaijua kazi hiyo kwa mazoea. Zitazameni nyumba za Lamu, kuta nene za mawe na chokaa, kiwanda cha wazi katikati.

Sisemi Lamu ihamishiwe Masara, hasha! Ila kwetu usiku haupoi sana, na Masara iko juu kuliko Ziwa Victoria, ambalo lenyewe limepita mita 1,100 juu ya bahari. Ukuta mnene huko huunywa ubaridi wa usiku ukautoa mchana. Huenda ukawafaa wao kuliko sisi. Ufundi wa mawe nao si mgeni. Thimlich Ohinga, iliyotiwa katika urithi wa dunia mwaka 2018, iko Migori hiyo hiyo, na kuta zake zimesimama karne kadhaa bila saruji. Kweli, ni kuta za boma, si za vyumba.

Mwaka 2019, Ben Guerir nchini Moroko, makundi ya wanafunzi wa vyuo vikuu yalishindana kwa kujenga nyumba hasa za nguvu za jua, zikapimwa zikiwa zimesimama. Basi na hawa wetu wapewe darasa moja la mabati Masara. Kipimajoto kitundikwe saa saba mchana, kabla ya kazi na baada yake, na kabla ya alama kutolewa aulizwe mwalimu wa darasa kama watoto wangali wanasinzia.