Simu Pekee Haimfikishi Mama Hospitali

Wanachama wetu, msidhani tumeacha karafuu tukaingia udaktari. Nyumba yenye mgonjwa haina mkono wa kuchuma wala wa kuanika. Kwa hiyo jambo hili ni letu.

Hivi karibuni mmoja wetu alikwenda Chikongola, Mtwara, kuwatazama jamaa zake. Huko alimkuta mama mja mzito ambaye tangu asubuhi ana ujumbe katika simu yake, akimngojea mtoto wa jirani atoke skuli amsomee. Ulisomwa adhuhuri: mwenye mimba akiumwa sana na kichwa na kuvimba uso, aende hospitali mara moja. Naye uso umekwisha vimba! Alipelekwa, na Mungu akajaalia akajifungua salama. Lakini nusu siku ilipotea.

Wako wasemao simu itaondoa tofauti baina ya mji na shamba. Sisi twaona peke yake haitoshi. Mwaka 2009 na 2010 jambo hili lilijaribiwa hapa Zanzibar kwa wanawake 2,550 katika vituo vya afya 24. Waliopelekewa ujumbe na vocha ya kumpigia mkunga, 60 katika kila 100 walizalishwa na wenye ujuzi, wasiopelekewa, 47. Habari njema, lakini faida ile ilionekana kwa wanawake wa mjini. Wa shamba hawakuipata.

Mwaka 2012 Tanzania Bara ilianza Wazazi Nipendeni, ujumbe wa Kiswahili usiolipiwa. Basi lugha ni yetu na bei hapana. Kilichobaki ni nini? Kusoma, na njia ya kufika.

Kwa hiyo twashauri mambo matatu. Kwanza, kila tawi lichague mwanamke mmoja mwenye kuaminika awasomee wenziwe. Habari za mwili wa mtu hazifai kutangazwa na watoto. Pili, tuwaombe wakubwa wa afya ujumbe upelekwe pia kwa sauti, maana asiyesoma husikia. Tatu, gari zinazobeba karafuu zetu zisikatae kumbeba mzazi usiku.

Gunia la karafuu halikosi gari hata siku moja. Mama akose kwa nini? Tulijibu hilo mkutanoni, kabla msimu wa kuchuma haujaanza.