Wimbo Ambao Redio Haikuupiga

Mwishoni mwa kipindi kimoja kuhusu vyombo vya habari na dola, wanafunzi wangu wa mwaka wa pili waliniuliza ni wimbo gani ninaoupenda kuliko zote. Nadhani walitafuta kichekesho cha kusimuliana kantini. Nikawatajia "Mambo kwa Soksi" wa Remmy Ongala. Wachache walicheka, wengi hawakuujua, ingawa baadhi yao hushuka daladala Sinza kwa Remmy kila siku ya Mungu. Nawalipa hapa deni la maelezo.

Kizazi changu kililelewa na redio moja. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990, Tanzania Bara ilikuwa na Radio Tanzania Dar es Salaam peke yake, nayo ndiyo iliyorekodi bendi, ikahifadhi kanda na kuamua kipi kisikike na saa ngapi. Mashairi yalipitiwa kabla bendi haijarekodi. Kwa hiyo tunapozungumzia nyimbo tulizokua nazo, tukidhani tunazungumzia mambo ya moyoni kabisa, tunazungumzia pia maamuzi ya watumishi wa umma. Nikisikia magitaa ya Mlimani Park naliona jiko la mkaa la mama na sufuria ya maharage; nikimsikia Marijani Rajab naliona shati jeupe la baba likipigwa pasi Jumamosi jioni. Sisemi walichagua vibaya. Walichagua vizuri mno, na waliozitunza zile kanda walitufanyia hisani ambayo hatujaishukuru ipasavyo.

Wimbo huu, hata hivyo, haukupita mlango huo. Ulikuja nyumbani kwetu Morogoro katika mfuko wa shati la mjomba, dereva wa lori la njia ya Tunduma, ukiwa kwenye kanda iliyorudufiwa mara nyingi hata sauti ya Dokta Remmy ikawa kama inatoka ndani ya mtungi. Nilikuwa na umri wa miaka 12. Mjomba aliiweka kanda kwenye redio kaseti ya baba na kuongeza sauti. Mama akatoka jikoni, mikono imejaa unga, akabonyeza kitufe kwa kiwiko. "Kaka, humu kuna watoto." Mjomba akacheka. Alipoondoka kesho yake aliisahau ile kanda, au aliiacha kwa makusudi, sikuwahi kumuuliza.

Kwa asiyejua, soksi za Remmy ni kondomu. Wimbo unawahimiza watu wajikinge na ukimwi, nao unasema bila haya nyingi. Redio ya taifa ilikataa kuupiga. Tukumbuke hali ilivyokuwa: wagonjwa wa kwanza nchini walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na kufikia mwishoni mwa miaka hiyo ya 1980 serikali ilikuwa na mpango wake wa taifa wa kudhibiti ugonjwa huo. Yaani mkono mmoja wa dola uliandaa mabango ya kutahadharisha, na mkono mwingine ukaziba mdomo wa mtu aliyekuwa akisikilizwa na wanyonge kuliko bango lolote.

Mjomba alifariki mwaka 1995. Tulisema ni kifua. Msibani kila mtu alisema kifua, kuanzia wazee waliokaa chini ya turubai hadi akina mama waliokuwa wakipika, na sisi watoto tulijifunza kusema hivyohivyo.

Ningependa kuandika kwamba wimbo ule ungepigwa redioni mjomba angepona. Siwezi. Yeye ndiye aliyeuleta. Aliusikia kuliko sisi sote. Hoja yangu ni ndogo zaidi. Wimbo wa redio hauna mwenyewe. Unamkuta baba, mama, mgeni na mtoto sebuleni, na hakuna anayeulizwa kwa nini anausikiliza. Wimbo wa kanda una mwenyewe, na mwenyewe huonekana mhuni. Redio ilipokataa kuwa ya kwanza kuona haya hadharani, ilizigawia familia haya ile, kila moja ikabaki na yake ndani ya nyumba yake. Kwetu ilikaa miaka mingi.

Watu huniambia hayo yamepita. Hayajapita. Machi 2017 Nay wa Mitego alikamatwa kwa sababu ya wimbo "Wapo", na Baraza la Sanaa likaupiga marufuku. Muda si muda ikatangazwa kwamba Rais Magufuli ameupenda; msanii akaachiwa na wimbo ukaruhusiwa. Wengi walishangilia. Mimi sikuweza, kwa kuwa wimbo uliofunguliwa na ladha ya mkubwa hufungwa na ladha hiyohiyo atakapoamka vibaya.

Najua baadhi yenu mnaosoma hapa mnafanya kazi katika ofisi zinakoandikwa barua za aina hiyo. Siwadharau. Haya yenu ndiyo haya ya mama yangu, na mama yangu si mtu mbaya. Lakini mama alizima redio ya nyumba moja, na baba angeweza kubishana naye. Barua yenu huzima nchi nzima. Basi na itaje sababu, itaje jina la aliyeamua, na impe msanii pa kukata rufaa kabla wimbo haujapoa.

Krismasi iliyopita nilikuwa nyumbani Morogoro, nikawa nampigia mama nyimbo za zamani kwa simu. Zilikuwa zinafuatana zenyewe, mara ukaingia ule. Nilinyoosha kidole kuuruka, mtu mzima mwenye shahada ya uzamivu, kama mtoto aliyekamatwa.

"Uache," mama akasema.

Akausikiliza hadi mwisho, macho yake yakiwa barabarani. Kisha akaniuliza kama malori ya Tunduma bado yanasimama Msamvu.